Mkaguzi akibisha hodi, msiguse chati

Makala yenu inawashauri wenye makao ya wazee na hospitali ndogo hapa Nairobi washirikiane na wachunguzi mgonjwa akiumia. Sawa, lakini vipi? Hapo mmepita mbio.

Mimi ni muuguzi. Kinachoangusha wengi ni kurudi usiku kujaza chati ya dawa iliyoachwa wazi. Pengo linaweza kuelezwa. Pengo lililozibwa baadaye kwa wino mwingine linageuza uzembe kuwa jinai. Ukiwa na la kuongeza, liandike kando, na tarehe na saa unayoandika, kisha utie sahihi. Hifadhini ratiba ya zamu, rekodi za mafunzo, na picha za kamera kabla hazijajifuta (watu husahau hizi kila mara).

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka ajali iliyoua mtu mahali pa kazi iripotiwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Hilo halingoji wakili. Wakili mngoje kwenye kuandikisha maelezo, maana Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza.

Ila wakili wa mwajiri si wakili wako, nesi mwenzangu. Mwenye hospitali aliyekuachia wadi nzima peke yako ndiye huyo huyo atakayesema ulikuwa umelala. Tafuta wako mapema, hata kupitia chama cha wauguzi.