Shaba haijipeleki yenyewe

Nimepitia madaftari ya biolojia ya watoto wa jirani hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi. Upumuaji wa seli umemalizwa kwa mistari mitatu: glukosi inaingia, oksijeni inaingia, nishati inatoka. Mtoto anakariri, anapata alama zake, basi. Naona tunawanyima utamu wenyewe wa somo, tena katika mji unaokula na kulala kwa shaba.

Maana sehemu kubwa ya oksijeni inayotumiwa na mwili huishia kwenye kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha kazi za kikemia) ndani ya mitokondria, vile vyumba vya seli vinavyozalisha nishati. Kinaitwa saitokromu oksidezi, nacho bila shaba ni bure. Kinahitaji atomu tatu tu: mbili hukaa pamoja kwenye kipande kiitwacho COX2, ya tatu kwenye COX1, ubavuni mwa himu, molekuli inayobeba chuma.

Nani anaziweka pale? Hapo madaftari yako kimya. Shaba ikiachwa huru ndani ya seli huzalisha kemikali kali zinazoharibu mafuta, protini, hata DNA. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipiga hesabu kwenye seli za hamira wakakuta shaba huru haifiki hata atomu moja kwa seli. Kwa hiyo inasafiri kama ile ya malori ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, chini ya ulinzi, kwa kukabidhiana. Protini iitwayo COX17 inaishika na kuzipa protini nyingine, COX11 au SCO1. COX11 inahudumia COX1; SCO1 na mwenzake SCO2 wanashughulikia COX2. Kazi ikiisha wanajitoa. Kwenye mchoro wa kimeng'enya kilichokamilika huwaoni, na nadhani ndiyo sababu walimu huwaruka.

Lakini wakikosekana, wanaonekana. Mwaka huo huo wa 1999 ilibainika kwamba watoto wachanga wenye kasoro kwenye jeni ya SCO2 hupata ugonjwa wa moyo na ubongo, na wengi hufariki wakiwa wadogo sana. Shaba mwilini wanayo. Seli za wagonjwa wa namna hiyo zilipoongezewa shaba maabara, kimeng'enya kilianza tena kufanya kazi. (Jamani, msikimbilie kulamba malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, shaba ikizidi ni sumu.)

Wala si shaba peke yake. FAD, molekuli saidizi inayotengenezwa kutokana na vitamini B2, huungwa kwenye kimeng'enya kingine cha upumuaji kwa msaada wa protini SDHAF2. Mwaka 2009 kasoro ya jeni yake ilihusishwa na uvimbe wa kichwa na shingo katika familia moja ya Uholanzi.

Wapo watakaosema haya ni ya chuo kikuu. Sikubali. Majina ya protini yaacheni huko, lakini mtoto wa sekondari anaweza kabisa kujibu swali hili: mgonjwa ana shaba ya kutosha, ana oksijeni ya kutosha, mbona moyo wake unakosa nishati? Aliyekariri mistari mitatu atatoa karatasi nyeupe.