Haki isingoje kadi

Tangu Mei 2025 Kenya ina sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini kwa mwenye ulemavu wa akili, ambaye tangu utotoni ni mzito wa kujifunza na kufahamu, swali la kwanza akienda kutafuta msaada bado ni lile lile: kadi anayo? Kadi hiyo ya usajili hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya hospitali ya serikali kumpima na kuthibitisha hali yake.

Wanaoitetea kadi wana hoja nzito. Asiyesajiliwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Sensa ya 2019 ilitoa asilimia 2.2 ya wenye ulemavu, ilhali ile ya 2009 ilitaja 3.5. Siamini kwamba ulemavu ulipungua. Maswali yalibadilika, na familia zetu nazo huwaficha watoto hawa. Tena pesa za umma lazima zilindwe na wadanganyifu.

Sasa twende Kizingitini, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko mjini Amu, yaani Lamu, kisiwa kingine. Boti hufuata maji, maana pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulio njiani, maji yakishakupwa hapapitiki vizuri. Mama hulipa nauli yake na ya mwanawe, pengine na ya mjomba, kwa kuwa kijana mwenye nguvu anayeogopa kelele za mashine hashikwi na mtu mmoja. Wakifika, mguu uliokatika daktari huuona papo hapo. Ulemavu wa akili unataka muda, unataka mama asikilizwe na mwalimu aulizwe. Na kijana aliyelelewa kwa Kibajuni, lahaja ya huko, akiulizwa kwa Kiswahili cha shule akanyamaza, kimya chake kitaandikwaje?

Tuseme kadi ameipata. Msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi ni nafuu kubwa kwa karani asiyeona. Asiye na mshahara haumgusi. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wahitaji pesa, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kwa wenye ulemavu mkubwa walio katika kaya maskini. Yule wa katikati, anayeweza kusuka makuti au kuparua samaki akielekezwa taratibu, hukosa yote mawili.

Kadi isifutwe. Ninachopinga ni kuiweka mlangoni. Ibara ya 43 ya Katiba humpa kila mtu haki ya afya, na ya 54 humpa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa. Hakuna kati yake inayosema mpaka awe na kadi. Baadhi ya vijana hawa wana kifafa, na dawa ya kifafa ni ya kila siku. Muuguzi wa zahanati aanze nayo leo, azungumze na kijana mwenyewe, si mama peke yake. Nao wapimaji wapande boti, wakae Faza na Kizingitini siku kadhaa, pamoja na mtu wa huko anayekijua Kibajuni.