Nilivyomkaribisha shangazi kwa rakleti

Jamani mimi nipo Lausanne, huku Uswisi, mwaka wa nne huu, nimeshajiona mwenyeji, sasa shangazi kaja kutoka Tanga kunitembelea nikasema leo namlisha rakleti. Namwambia shangazi jioni tunayeyusha chizi, kaniuliza, "Chizi ni hicho chakula au ni wewe?"

Kwa asiyejua, hiki ni chakula cha kule Valais milimani, zamani walikuwa wanasogeza nusu gurudumu la jibini kwenye moto, ikilainika wanaikwangua juu ya viazi, hata jina limetoka kwenye neno la Kifaransa la kukwangua. Siku hizi kuna mashine ya umeme ya mezani, kila mtu na kikaango chake kidogo. Mashine niliazima kwa jirani, jibini nikanunua gramu 200 kwa kila mlaji, na vitango vya siki pembeni.

Shangazi anaangalia vile viazi. "Mwanangu, ulikosa muda wa kuvimenya?" Namwambia vinaliwa na maganda yake. "Haya, na mboga iko wapi?" Nikamwonyesha kikaango, weka jibini hapa shangazi, subiri iyeyuke. Akanitazama weee. "Yaani nimepanda ndege mbili nije kujipikia?"

Harufu nayo ikaanza, maana ile kitu ikipata moto inanuka haswa, nikamwona anachungulia chini ya meza anakagua viatu vyangu.

Akaomba chai. Nikafurahi, kwa sababu wenyeji nao wanashushia chai ya moto au divai nyeupe, wanadai maji baridi yanagandisha jibini tumboni. Basi mimi na akili zangu nikachomeka birika la umeme kwenye ekstensheni ileile ya mashine, wati 1200 hapa, 2000 pale, na soketi yenyewe ya ampea 10, haibebi vyote viwili. Hata kukaa sijakaa, PAA! Giza.

Jengo la zamani, fyuzi ziko chini kabisa, mlango umefungwa, funguo anayo msimamizi, na ni Jumapili saa tatu usiku. Narudi na tochi ya simu nakuta jibini imekauka kwenye vikaango kama soli ya ndala, nakwangua na kisu haitoki, na shangazi yuko palepale gizani anamenya viazi vyake taratibu, kashatoa pilipili ya kusaga aliyokuja nayo kwenye begi, anakula wala hana habari na mtu.

Asubuhi namsikia anarekodi voisi ya grupu la familia: "Mtoto hajambo, tunamshukuru Mungu. Ila umeme huku nao unakatika, na mgeni anajipikia mwenyewe."