Mwenye magunia matatu apewe cheti, lori ndilo likaguliwe

Gunia la maharage lililolimwa Uganda halidaiwi ushuru wa forodha likivuka kwenda Kenya. Ndivyo ilivyo tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kazi tarehe 1 Januari 2005. Hata hivyo, pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, magunia ya namna hiyo bado yanapita njia za panya, yamefungwa juu ya baiskeli na bodaboda. Mwenye mali anamlipa mbebaji, anamlipa anayemfungulia njia, na akinaswa anapoteza vyote. Gharama yote hiyo ni ya kukwepa ushuru ambao haupo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoipima forodha kwa shilingi ilizokusanya mwisho wa mwaka. Ofisa aliyepewa lengo la makusanyo hana sababu ya kumhangaikia mama mwenye bidhaa isiyodaiwa ushuru. Cheti atakachomwandikia hakiongezi kitu kwenye hesabu yake. Kwa hiyo mama hafundishwi, na asipofundishwa anaogopa dirisha, anazunguka nyuma ya nyumba. Kisha tunatuma doria kumfukuza.

Mambo yenyewe si mazito. Forodha huuliza maswali matatu juu ya kila mzigo: ni kitu gani, kina thamani gani, kimetoka wapi. Swali la kwanza ndilo linalotoa kiwango. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa za nje una ngazi za 0, 10 na 25 kwa mia, na tangu Julai 2022 ngazi ya nne ya 35. Juu ya hapo kuna bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Lakini swali la tatu, la asili, linaweza kufuta jibu la kwanza lote: kilicholimwa au kutengenezwa ndani ya jumuiya kwa masharti ya asili hakilipi ushuru wa forodha.

Kwa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000 za Marekani (zaidi kidogo ya shilingi milioni 7 za Uganda), kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Hutolewa hapo hapo mpakani, bila malipo, wala hakihitaji wakala. Mwenye mali anaandika jina lake, aina ya bidhaa, kiasi, thamani na mahali ilipozalishwa, anatia sahihi, ofisa anagonga muhuri. Cheti hutolewa na forodha ya nchi bidhaa inakotoka. Mzigo wa Uganda unaandikiwa na ofisa wa Uganda, hata kama kiti chake kiko ng'ambo. Hili huwachanganya wengi, kwa sababu kwenye vituo vya pamoja kama Busia na Malaba (mpaka wa Uganda na Kenya) na Mutukula (mpaka wa Uganda na Tanzania) msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Ukitoka Uganda usipoteze asubuhi ukibisha hodi upande wa Uganda.

Sasa makosa. La kwanza na kubwa: kununua Kenya si kuzalishwa Kenya. Chupa ya chai iliyotoka China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imepumzika wiki mbili kwenye duka la Busia. Ukiichanganya kwenye furushi moja na sabuni ya Nairobi na kuandika cheti kimoja, umetia shaka hata sabuni.

Mchele ndio unaouma zaidi. Mchele wa Tanzania ukipita Mutukula na cheti, ushuru wa forodha ni sifuri. Mchele wa Pakistani uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, na kiwango cha pamoja cha jumuiya ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kile kitakachokuwa kikubwa. Fungua magunia mawili, mimina punje kiganjani: nani atakuapia kwa macho kwamba hizi ni za Mbeya na zile za Karachi? Ofisa naye hawezi. Asipoona karatasi anachukulia lile lenye ushuru mkubwa, na kwa hilo simlaumu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba sifuri ya ushuru ni sifuri ya kila kitu. Chukua bidhaa ya kiwandani ya shilingi 6,000,000 inayoingizwa Uganda, iliyo kwenye ngazi ya 25. Ikitoka nje ya jumuiya, ushuru ni 1,500,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 7,500,000, yaani 1,350,000. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni 360,000. Tozo ya miundombinu ya 1.5 ni 90,000. Jumla 3,300,000, ukiacha tozo nyingine ndogo. Bidhaa hiyo hiyo ikitengenezwa Kenya na kuja na cheti, ushuru unaondoka na tozo ya miundombinu pia, lakini VAT ya 1,080,000 na zuio la 360,000 vinabaki. Cheti kimekuokolea 1,860,000. Hakijakufanya mgeni wa serikali. Anayefika dirishani akiwa ameambiwa "ni bure" huona ameibiwa akidaiwa 1,440,000, na kesho yake anarudi kwa wapita njia za panya.

Tena cheti cha asili hakisemi lolote juu ya ubora. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya vyeti. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyoanikwa kwenye udongo na kufungwa yakiwa na joto hukwama mpakani hata yakiwa na mihuri ya ofisi zote. Kazi hiyo ilipaswa kumalizika kwenye turubai, shambani.

Basi kama mwenye magunia matatu hana ushuru mkubwa wa kukwepa, fedha zinavujia wapi? Zinavujia kwenye makontena. Tangu eneo moja la forodha lianze mwaka 2014, mzigo wa Kampala huandikiwa tamko la forodha na kulipiwa Uganda ukiwa bado Mombasa, hatua iliyokusudiwa kupunguza msururu wa malori Malaba. Hilo ni zuri. Mwanya uliobaki ni mzigo wa kupita tu, ule unaoandikiwa Juba au Goma. Haulipi ushuru wa Uganda, unapita kwa dhamana. Ukimwagwa njiani na kuuzwa Kampala, muuzaji ana bei ambayo jirani yake aliyelipa kila kitu hawezi kushindana nayo. Tofauti hiyo ndiyo magendo hasa, neno ambalo Uganda inalijua vizuri tangu miaka ya 1970, kahawa ilipokuwa ikivushwa usiku.

Tangu 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia lori kwa lakiri ya kielektroniki. Mlango ukifunguliwa, lori likitoka kwenye barabara iliyopangwa, au likisimama pasiporuhusiwa, kengele inalia kwenye chumba cha ufuatiliaji. Kifaa ni kizuri, lakini hakikimbii chenyewe. Betri ikizimika, kikosi kikiwa mbali, au dhamana ikifungwa kwa karatasi bila mtu kuona mzigo ukitoka Elegu (kwenda Sudan Kusini) au Mpondwe (kwenda Kongo), kengele imelia bure. Ningekuwa na maofisa kumi zaidi, tisa ningewapeleka huko. Wa kumi ningemweka mezani Busia akiwa na fomu za cheti na orodha ya bidhaa iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili, kwa maana lugha ya pale ni Kiswahili, huku karatasi nyingi ni za Kiingereza.

Kwa wenye mizigo mikubwa kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi kwa sauti. Sheria ya usimamizi wa forodha ya jumuiya ya 2004 inamfanya mwenye mali awajibike kwa aliyoyaandika wakala wake. Usitie sahihi mkataba wa "nifanyie yote". Omba nakala ya tamko, soma thamani iliyoandikwa, linganisha na ankara yako na hati ya benki uliyolipia. Na forodha ikiikataa ankara, ikapandisha thamani, dai sababu kwa maandishi, maana sheria imepanga njia sita za kuthamini, zinazofuatwa kwa mpangilio, na bei uliyolipa ndiyo ya kwanza.

Usiporidhika, una siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba upitiwe upya, na Kamishna wa forodha ana siku 30 kukujibu. Akinyamaza hadi zipite, sheria inachukulia kwamba ombi lako limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi. Kwa hiyo peleka barua mbili zinazofanana, acha moja, na ile ya pili rudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna pa kuanzia kuhesabu.