Jengo la KNCU Moshi: la Mjerumani au la Wachagga?

Yakizuka mabishano kuhusu majengo ya zamani, yatunzwe au yavunjwe, neno "ukoloni" huwa linafunga mjadala kabla haujaanza. Na jengo likijulikana kuwa limechorwa na Mjerumani, basi tena: linatupwa kapu moja na maboma ya Bagamoyo na Mikindani.

Ernst May, msanifu wa Kijerumani aliyechora jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, hakuja na jeshi. Alifika Tanganyika mwaka 1934, Ujerumani ikiwa imeshapokonywa koloni hili na Waingereza ndio wanatawala. Huko Frankfurt, kati ya 1925 na 1930, aliongoza ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1930 akaenda Urusi ya Stalin kupanga miji ya viwanda. Mipango yake huko ilipokwama, kwao Hitler alikuwa ameshika madaraka, na May, mtu wa mrengo wa kushoto mwenye asili ya Kiyahudi, hakuwa na pa kurudi. Akanunua shamba karibu na Arusha. Miaka michache baadaye akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Vita ilipoanza, Waingereza wakamweka kizuizini kama raia wa nchi adui; aliyemkimbia Hitler akafungwa kwa sababu ni Mjerumani.

Hapo ndipo wanaomtetea huishia: mkimbizi, mtu mwema, mwacheni. Utetezi huo haunitoshi, na wanaomshutumu wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 1945 May aliandaa mpango wa kupanua Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru. Kama mchoro tu, ni kazi nzuri: barabara zinafuata mteremko wa kilima, hazikukatwa kwa rula kama za miji mingi ya kikoloni. Lakini watu wamegawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Tena May aliamini kwamba Mwafrika ni mwanafunzi wa ustaarabu anayepaswa kupandishwa ngazi taratibu. Aliyebaguliwa kwao alikuja kuchora ubaguzi wa wengine, na ukimbizi wake haufuti mstari hata mmoja katika ramani ile.

Hayo nayakubali yote. Ninapoachana na washutumu ni Moshi.

Ukifika kwenye kipilefti cha mnara wa saa, jengo la KNCU liko hapo hapo. May alilichora mwishoni mwa miaka ya 1940, likakamilika mapema miaka ya 1950, na lilikusudiwa liwe na ofisi, vyumba vya wageni, maktaba, mahali pa Wachagga kukutana mjini. Nani alimwita? Si gavana. Ni KNCU yenyewe, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilichoanzishwa mwaka 1933 juu ya misingi ya chama kingine cha mwaka 1925. Fedha ilitoka kwenye kahawa, na bei ya kahawa baada ya vita ilikuwa imepanda kweli kweli.

Hebu tulitafakari hilo, maana ndilo linalonikera katika mjadala mzima. Huyu ni mkulima mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, cha migomba na mikahawa michache katikati. Amepalilia, amechuma, amemenya, ameanika, kisha mke wake amesaidia kubeba hadi chamani. Kwenye kila kilo kuna senti zinazobaki kwenye ushirika. Senti hizo za maelfu ya vihamba zikakusanywa, na badala ya kibanda cha bati wakaamua kuajiri mmoja wa wasanifu mashuhuri wa Ulaya awajengee ghorofa katikati ya mji ambao, kwa sheria na kwa desturi, haukuwa wao. Ni miaka ile ile ambayo Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, wao. Katika mkataba huu Mzungu ndiye fundi, Mwafrika ndiye tajiri mwenye kazi. Ukiliita "jengo la Mjerumani" au "jengo la kikoloni", unampa May sifa asiyostahili na unamfuta mwenye nyumba.

Najua nitajibiwa kwamba ushirika wenyewe haukuwa huru. Ni kweli. Kwa miaka mingi meneja wake alikuwa Mwingereza, na wakulima walilazimishwa kisheria kuuza kahawa kupitia chama hicho tu, hadi mwaka 1937 wakavamia maghala kwa hasira. Kwa hiyo si kila senti ilitolewa kwa moyo mweupe. Ila mtu anayegombania maghala anagombania kitu anachokihesabu kuwa chake. Mimi naona vurugu zile zinaupa uzito umiliki wa wakulima, hazidhoofishi.

Kampala hadithi ni tofauti. Jumba la makumbusho la Uganda, kazi nyingine ya May, lilifunguliwa mwaka 1954, yeye ameshaondoka kurudi Ujerumani. Hapo mteja alikuwa mkoloni kweli, na sitatumia hoja ya Moshi kulitetea. Lakini mwaka 2011 lilipotaka kubomolewa, kilichowekwa mezani hakikuwa kumbukumbu ya uhuru. Ilikuwa mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watetezi wa urithi walipiga kelele, na jumba lipo mpaka leo, likiingiza hewa na mwanga kupitia matundu ya juu ya kuta. Aliyetaka kiwanja alihesabu ghorofa. Kuhusu ukoloni angeweza kuulizwa siku nyingine.