Vangelis si kichekesho cha mbio za vitambi

Kuna MC mmoja amenikosesha raha wikiendi nzima. Ilikuwa bonanza la kampuni fulani hapa Dar, mambo yale yale: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kufukuza kuku, supu ya bure. Ikafika zamu ya mameneja kukimbia mita mia. Vitambi vinatangulia, wenyewe wanafuata. MC akabonyeza laptopu yake, spika zikaanza kudunda, kisha ikaingia ile piano ya filamu ya Chariots of Fire. Mnaijua. Hakuna asiyeijua. Uwanja mzima ukaangua kicheko, simu zikatoka mifukoni, watu wakarekodi kwa slomo, na jioni hiyo stetasi zote za WhatsApp ni kitambi cha mhasibu kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, Vangelis, Mgiriki aliyeutunga wimbo ule, akipiga nyuma yake.

Sikatai, kile kitambi kilichekesha.

Lakini mtu amefanya muziki kwa karibu miaka sitini, ametoka Ugiriki na ogani yake, amepita kwenye roki, amefundisha mashine kuimba, halafu urithi wake huku kwetu uwe mlio wa kuchekea wanene? Jamani.

Tusiwasingizie ma-MC peke yao, Waingereza nao wamo. Ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012: London Symphony Orchestra imejipanga, Simon Rattle anaongoza, na pale kwenye kinanda kakaa Mr. Bean anabonyeza noti moja kwa kidole kimoja, anaangalia saa, anapiga chafya, mara anabonyeza kwa mwavuli. Dunia nzima ikacheka. Mimi pia, yule bwana kazi yake anaijua. Kinachosahaulika ni kwamba katika michezo ile ile, wimbo ule ule ndio uliokuwa unapigwa washindi wakienda kuvikwa medali. David Rudisha katoka pale na 1:40.91 kwenye mita 800, rekodi ya dunia, kaongoza toka mwanzo mpaka mwisho bila mtu wa kumvutia kasi. Tafuta video ya mbio zile, zima sauti ya mtangazaji, weka Vangelis. Halafu urudi uniambie unacheka nini. Baba yake Vangelis mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa ridhaa, na wimbo ule mtoto aliutunga akimfikiria mzee wake. Hayo MC hakuyatangaza.

Ila kilichonichoma hasa kilikuja baadaye, mezani. Jamaa mmoja, mpiga gitaa, tena mzuri, akafuta mdomo akasema: "Ule si muziki wa mtu bwana, ile kompyuta. Unabonyeza pleyi unaenda kunywa chai."

Nikaacha supu.

Mimi napiga kinanda kanisani na kwenye maharusi. Kauli hiyo nimeisikia tangu naanza: gitaa ni muziki, ngoma ni muziki, tarumbeta usiseme, ila mwenye kinanda ni fundi umeme aliyevaa suti. Na ni kweli baadhi yetu tumeipa kauli hiyo nguvu. Tunajua keyi ya C na kitufe cha transpozi kinachotuhamishia keyi, biti inajipiga yenyewe, sisi tunatabasamu na kamera. Haya, nimekubali, tuendelee. Lakini kumtia Vangelis kwenye kapu hilo ni dhambi.

Sikiliza tena wimbo wenyewe, ule wa filamu ya Chariots of Fire ya 1981. Uko kwenye D flati, keyi ambayo nusu ya wapiga kinanda wa mji huu wakiambiwa waipige bila transpozi wataomba ruhusa ya kwenda msalani. Ile piano ni piano, ya mbao na nyaya. Kilicho chini yake ndicho mashine: mdundo unaojirudia, mwangwi umeutandaza, na zile sauti za shaba zinazovimba na kunywea. Kaupiga nani? Yeye. Wote. Peke yake, kwenye studio yake ya Nemo pale London karibu na Marble Arch, tepu inazunguka, picha za filamu mbele yake. Hakuandika noti hata moja kwa sababu alikuwa hajui kuziandika. Tangu mtoto aligoma kufundishwa. Kazi zake zilipotakiwa na orkesta, watu wengine ndio waliokaa na karatasi kunakili alichokwisha kupiga.

Sasa njoo kwenye mashine yenyewe, maana hapa ndipo watu wa "kompyuta, kompyuta" wanapoumbuka. Yamaha CS-80. Sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, ya miaka ya 70, karibu kilo 100, si kitu cha kubeba kwenye bajaji kwenda Kigamboni. Joto likibadilika inapoteza tyuni. Hapa Dar ingelia siku nzima. Sauti 8 tu kwa wakati mmoja. Na pleyi ya kubonyeza ukanywe chai haina. Ilicho nacho ni hiki: ukishapiga kitufe, kidole kikiwa bado pale, ukakandamiza zaidi, sauti ya kitufe hicho peke yake inavimba au inatetemeka, na vitufe vingine ulivyoshika vinabaki vilivyo. Kila kidole kina pumzi yake. Juu ya vitufe kuna utepe mrefu, unatelezesha kidole na sauti inapanda au inaporomoka utakavyo. Chini, miguu iko kwenye pedali. Vinanda vingi tunavyopigia leo maharusini, pamoja na mataa yote yale ya bluu, haviwezi hilo la kidole kimoja kimoja. Tunabonyeza, sauti inatoka, basi.

Ukitaka kulisikia, weka mwanzo wa filamu ya Blade Runner ya 1982. Jiji usiku, moto unalipuka kwenye minara, na ile sauti inayofanana na tarumbeta inaanza chini kabisa, inafunguka taratibu, inafika juu na mtetemo mdogo mwishoni, mtetemo ambao hauko sawa kila mara. Hauko sawa kwa sababu ni kidole cha mtu kinachokandamiza. Vangelis alikuwa anatazama filamu huku anapiga hapo hapo. Akipenda alichopiga anakiacha, asipopenda anapiga kingine. Huyo ndiye mnayemwita kompyuta? Prodyuza wangu wa biti ananyoosha kila noti iangukie kwenye mstari mpaka wimbo unakuwa umepigwa pasi, halafu huyo ndiye anaitwa msanii wa kweli eti kwa kuwa amesampo gitaa la zilipendwa.

Nimepaza sauti. Samahani. Hapana, sina samahani.

Kuna kingine wengi hawakijui, na kinawahusu wazazi wenu. Nyumbani kwetu mzee alikuwa na kaseti ya Demis Roussos, kava limechanika, yule Mgiriki mnene mwenye ndevu na kanzu. Jumapili baada ya misa lazima apigwe. Najua wapo wengi mnaosoma hapa mliolelewa na sauti ile inayolia kwa raha. Basi kabla Demis hajawa Demis wa kaseti za wazazi wetu, alikuwa mpiga besi na mwimbaji wa bendi moja na Vangelis, Aphrodite's Child. Walitoka Ugiriki baada ya wanajeshi kupindua serikali 1967, wanaelekea London, safari ikakwama Paris, na ilikuwa 1968, mji wenyewe uko kwenye migomo na maandamano. Hapo hapo wakarekodi Rain and Tears, ikatikisa Ulaya. Ukiisikiliza utashtuka: chini yake ni Kanoni ya Pachelbel, ile ile tunayompigia bibi harusi akiingia kanisani.

Bendi ile ilimalizikia kwenye albamu ya santuri mbili iitwayo 666, imetoka kwenye Ufunuo wa Yohana, na hapo ndipo mashabiki wa progresivu roki, ile roki ya nyimbo ndefu za majaribio, wanapomkumbuka Vangelis kwa hisia kali kuliko popote. Kampuni ya santuri ilikaa nayo mpaka 1972, bendi imeshasambaratika, kisa kikiwa ni kipande ambacho Irene Papas, mwigizaji, anarudia maneno machache mpaka yanageuka sauti za chumbani. Kama mpiga kinanda wa kanisa sitasema zaidi. Ninachosema, mtu anayedhani Vangelis ni muziki laini wa kusubiria lifti aisikilize ile. Kuna magitaa mle yatakutoa meno.

1974 bendi ya Yes ya Uingereza, Rick Wakeman kaondoka, wakamtaka Vangelis akae kwenye vinanda. Haikuwezekana. Wakapoteza wao, ingawa mwimbaji wao Jon Anderson aliambulia: wakaja kutoa albamu kadhaa pamoja, na 1980 redio za Uingereza zikawapiga sana.

Kila shabiki wa zamani ana alipoanzia. Wamarekani wengi watakutajia Cosmos ya Carl Sagan, 1980, kipindi cha anga kwenye televisheni ambacho muziki wake wa kufungulia ulichukuliwa kutoka albamu yake Heaven and Hell ya 1975. Watu waliokuwa watoto wakati huo mpaka leo wakitazama nyota wanasikia kinanda kile. Wengine ni wa Blade Runner, na hawa ndio wenye donge. Filamu imetoka 1982, mwishoni imeandikwa kabisa kwamba albamu ya muziki ipo. Haipo! Ikatolewa ya orkesta nyingine iliyopiga upya. Muziki wenyewe wa Vangelis ulikuja rasmi 1994. Miaka 12. Katikati hapo watu wakaishi kwa kaseti za wizi, wamenakili kutoka kwa aliyenakili, mvumo mtupu, na bado wanakuambia zile ndizo tamu. Ndani ya filamu hiyo, kwa taarifa yenu, kuna wimbo unaimbwa na Demis Roussos. Nilipomwambia mzee hakuamini mpaka nikamwekea.

Hapo nami nitamlaumu Vangelis kidogo, maana mapenzi si upofu. Alikuwa mgumu. Ziara hataki, mahojiano kwa nadra, kazi kibao kaziacha kabatini. Oskari ya muziki wa Chariots of Fire alipewa Machi 29, 1982, siku yake ya kuzaliwa, na hakwenda. Alikuwa London amelala. Kwa sisi tunaopigania hata cheti cha ushiriki, hiyo ni dharau iliyopitiliza, na nimeipenda sana.

Wimbo wake Conquest of Paradise wa 1992 nao mtanisamehe. Ni nzito, ni tamu, nimeilipia zaidi ya mara moja. Lakini imechoshwa. Mabondia wanaingilia, mahafali wanaingilia. Kwaya moja hapa mjini ilitaka kuiimba Pasaka wakidhani ni Kilatini kitakatifu, nikawazuia kwa shida: maneno yale hayana maana yoyote, yamebuniwa yafanane na Kilatini. Mwenyekiti wa kwaya akanijibu Mungu anaelewa. Sikuwa na la kujibu.

Na kesi ile ya kuiba wimbo? Mtunzi mwenzake Mgiriki alidai piano ya Chariots imetoka kwenye wimbo wake. Mahakama ya London 1987 ikampa ushindi Vangelis. Imekwisha.

Alifariki Paris, Mei 17, 2022, ana miaka 79. Siku ile habari ilipotoka nilipitia maoni ya watu mpaka usiku. Nusu walikuwa wanaweka video za Mr. Bean. Nusu nyingine walikuwa wanasimulia: mmoja alipiga Heaven and Hell kwenye gari usiku wa kuamkia mtihani, mwingine mama yake alizikwa na wimbo wa kwenye albamu isiyojulikana na mtu. Ninyi wa nusu ya pili, nawapenda kwa dhati, na sijui sura zenu. Mwaka 2018, mwanafizikia Stephen Hawking alipozikwa kanisani Westminster, London, Vangelis ndiye aliyetunga muziki uliobeba sauti ya marehemu, ukarushwa kwa antena kutoka Hispania kwenda kwenye shimo jeusi angani. Muziki ule bado unasafiri. Jamaa wa gitaa anywe chai yake.

Wanaouliza waanzie wapi: albamu ya Albedo 0.39 ya 1976, wimbo wa kwanza, Pulstar, na muupige kwa spika, si kwa simu. Kisha Spiral, kisha China, kisha Blade Runner taa zikiwa zimezimwa, umeme ukiruhusu. 666 ikae mwisho, watoto wakishalala. Beaubourg ya 1978 siwashauri kabisa. Naipenda lakini mke wangu aliivumilia kidogo tu, akaja sebuleni na kitambaa akauliza kama redio imeingia maji.