Msalabani, nani alilipwa?

Ijumaa Kuu mahubiri mengi hufuata njia moja: tulistahili adhabu, Mungu akaghadhibika, Yesu akasimama mahali petu akapigwa yeye. Waumini wengine hubaki na swali zito: Baba hakuweza kusamehe mpaka damu ya Mwanawe imwagike?

Wanaolitetea fundisho hilo wana Maandiko. Isaya 53:5 inasema, "Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake", na katika Marko 10:45 Yesu anasema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Tena, dhambi ikifutwa bure, aliyeuliwa ndugu yake ataambiwa nini?

Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza, aliyemaliza kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1098, hakusema Yesu aliadhibiwa. Kwake, Kristo alimrudishia Mungu heshima aliyonyimwa na wanadamu, ndipo adhabu ikaepukwa. Karne iliyofuata Peter Abelard, mwanateolojia wa Ufaransa, alisema ni ukatili kudai damu ya asiye na hatia. Kwake, msalaba unaonyesha upendo wa Mungu ili nasi tumpende.

Abelard aliiona hatari ya kweli, ila upendo usioondoa chochote haumfungui mwenye hatia. Tazama Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba makanisani lililowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Ndugu waliookoka walihubiri damu ya Yesu kuliko kitu kingine, na matunda yake yalionekana: watu waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba. Wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni nchini Kenya, Wakikuyu wa Uamsho walikataa kiapo cha wapiganaji hao kwa kuwa walikuwa wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na baadhi waliuawa. Wapo waliokataa pia bunduki za Home Guard, walinzi wenyeji waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni. Hao hawakuwa watu wa kumwogopa Baba mkali.

Kwa hiyo naamini Kristo alibeba yaliyo yetu. Ninachokikataa ni kumtenga Baba na Mwana, mmoja akipiga, mwingine akipigwa. Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19): aliyedhulumiwa ndiye aliyebeba gharama. Na Yesu alisema uhai wake hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Mchungaji anayemwambia mke anayepigwa avumilie kwa sababu huo ndio msalaba wake hana ruhusa hiyo kutoka Golgotha.